Aliyekalia Kiti cha Yazid

Mfalme mweusi alikuwa amesogea. Si mbali, mraba mmoja tu, kutoka pale alipoachwa jana jioni hadi ule wa pembeni yake. Lakini Mejumaa hakuwa mtu wa kupitwa na mraba mmoja. Alisimama sebuleni, kikombe cha chai mkononi, nguo ya kazini haijafungwa zipu, akautazama ubao kwa hasira. Hofu ilikuja baadaye. Asubuhi ile alimdhania mumewe.

"Baba Stacy! Umegusa chesi yangu?"

"Niiguse ya nini?" Kenga alijibu kutoka bafuni.

"Mfalme amesogea."

"Basi mwambie arudi."

Akacheka peke yake huko ndani. Mejumaa hakucheka. Tangu Jumapili kicheko kilimhama na chakula hakimpandi, na ukimsemesha alikujibu nusu, ile nusu nyingine iko kwenye ubao.

Jumapili ndiyo ilikuwa raundi ya mwisho ya mashindano ya Pwani, katika ukumbi mmoja wa Mji wa Kale, na Mejumaa alikaa meza ya kwanza na Yazid Abdulkadir, muuza vitambaa wa Bondeni. Mambo yalikuwa wazi kwa kila aliyekuwamo mle. Mejumaa akishinda, ndiye atakayekwenda ng'ambo na timu ya taifa. Wakitoka sare anakwenda Yazid, maana alikuwa mbele kwa nusu pointi. Miaka yote ya kucheza na wanaume wanaomuuliza watoto kamwachia nani, miaka ya kusoma michezo kwenye simu huku mchuzi ukiungua jikoni, ilikuwa imefika pale kwenye meza ile.

Na alikuwa anashinda, jamani! Askari wake mweupe alibakisha hatua moja afike mwisho wa ubao, ageuke malkia. Kilichomzuia ni askofu mweusi wa Yazid, aliyejikalia kona ya mbali akiulinda ule mraba wa mwisho kwa mshazari. Basi. Mwondoe yule, au mzibie njia, mchezo umekwisha. Lakini saa ya Mejumaa ilikuwa inamalizika, jasho lamtoka viganjani, na farasi wake kila akimfikiria anakuta hafiki. Yazid akasogeza mfalme, akainua macho, akanyoosha mkono kwa ile adabu yake ya kupokea wateja: "Sare, dada?"

Mejumaa akaushika. Kwa nini? Usimuulize. Yeye mwenyewe alijiuliza mpaka akachoka.

Hata hilo angelimeza. Lakini mlangoni, alipokuwa akivaa viatu, Mutunga aliyekuwa refa akamwinamia na kumnong'oneza, "Mbona ulikubali? Si ulikuwa unashinda?" Mtu mwenye huruma angesema pole dada, umecheza vizuri. Huyu akaona aseme lile. Neno likamkwama Mejumaa kooni kama mwiba wa samaki, akapanda nalo tuk-tuk mpaka Ganjoni, akapanda nalo ngazi za ghorofa, akalala nalo.

Sasa, wacheza chesi wana ugonjwa wao. Mwenzao akifiwa na mchezo haendi kuuzika. Anaurudisha nyumbani, anaupanga tena mezani kete kwa kete, autafute ulifia wapi. Jumatatu Mejumaa alipotoka kazini, kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo ambako siku nzima alikosea majina ya meli, aliutandaza ule ubao wake wa plastiki wa kukunja juu ya meza ya kulia, akapanga ile hali ya mwisho kama ilivyokuwa. Akaiuliza simu. Simu ikasema sare. Akaiuliza tena, akaiacha ifikiri mpaka ikapata moto, ikasema sare. "Na wewe huna akili," akaiambia, akaitupa kwenye sofa.

Upande wa pili ulikuwa mtupu, na ulimkera. Akavuta kiti cha Kenga akakiweka pale, kiti cha Yazid hicho. Jua lilikuwa limezama, adhana ya magharibi inaanza kuitwa huku na kule, stima imepotea mtaa mzima. Mejumaa akamchukua farasi wake, akampeleka mahali ambapo Jumapili hakuthubutu, akaipiga meza kwa kiganja.

"Haya, keti ucheze! Keti tuumalize!"

Alikuwa anamwambia Yazid, naye Yazid saa hiyo yuko Bondeni anafunga duka. Mejumaa si mgeni wa Pwani. Amelelewa Kaloleni na nyanya aliyewaingiza watoto ndani kwa fimbo giza likianza kuingia, na anajua vizuri kuwa saa ile humwiti mtu asiyekuwapo, wala humwekei kiti. Lakini mtu akiwa na sare tumboni hukumbuka nini?

Ndiyo hiyo asubuhi ya mfalme kusogea.

Alipomaliza kumshuku mumewe akautazama ubao vizuri, na hapo ndipo alipojiponza, kwa sababu aliona kwamba ile ilikuwa hatua nzuri. Mfalme mweusi alikuwa amemkatia farasi njia. Mtu wa kawaida angeukunja ubao akautupa. Mejumaa alikwenda nayo kazini ile hatua, akaifikiria akingoja kuvuka barabara, akaifikiria mbele ya mkubwa wake aliyekuwa akimkaripia, na jioni aliporudi, hata viatu hajavua, akamhamisha farasi upande wa pili.

"Nimekuona," akasema polepole, na hakujiuliza anasema na nani.

Magharibi alikuwa jikoni anakaanga vitumbua, Stacy yuko kwenye sofa na katuni zake. Ndipo aliposikia: ko. Mti umegonga mti. Akauzima moto, akasikiliza. Kete zake zilikuwa za plastiki, ubao wa plastiki. Hata ukiziangusha hazilii vile. Ikaja na harufu, udi uliochanganyika na maji ya kisima kilichofunikwa muda mrefu, ikapita mlango wa jikoni na kutulia kwenye mapazia.

Alipotoka, askofu mweusi alikuwa amerudi nyuma mraba mmoja kwenye mshazari wake. Stacy alikuwa kwenye sofa. Televisheni inacheka peke yake.

"Stacy, nani amegusa hapa?"

"Mimi sijui, Mama."

Mtoto wa miaka saba, hata farasi na ngome hawezi kuvitofautisha. Mejumaa akamgusa paji la uso, halafu mkono. Paji lilikuwa na joto la kawaida. Mkono wa kulia ulikuwa baridi.

Kesho yake hakukaanga kitu. Alicheza hatua yake, akawasha televisheni, akasema kwa sauti kwamba anakwenda kuoga, akajibanza nyuma ya mlango wa chumba cha kulala na kuacha ufa. Adhana ikaanza. Stacy akanyanyuka kwenye sofa kama mtu aliyeitwa jina lake, akatembea bila kutazama anakokwenda, macho yamefumbwa, akakikwea kile kiti alichowekewa Yazid na kukaa wima, mikono mapajani, kwa adabu, naye Mejumaa, badala ya kutoka, akatazama ukutani ambako taa ilikuwa imetupa kivuli cha mwanawe, na kivuli kile hakikuwa na mabega ya mtoto, kilikuwa kipana, kimeinama juu ya ubao na kidevu kimeshikwa kwa mkono, kinafikiri, na kilipomaliza kufikiri mkono mdogo wa Stacy ukanyooka na mkono mkubwa wa ukutani ukanyooka nao, vidole vikamshika askofu kwenye shingo, vikamhamisha, ko, na ile harufu ya udi ikajaa nyumba nzima mpaka machozi yakamtoka.

Alimkimbilia mtoto akamkumbatia, akampeleka kitandani, akazisomba kete zote akazifunga kwenye mfuko na kuupandisha juu ya kabati. Lakini tuseme kweli yote. Huku analia vile, alikuwa amekwisha ona kwamba askofu angefaa zaidi mraba mmoja mbele kwenye ule mshazari.

Asubuhi mfuko ulikuwa juu ya kabati, umefungwa vilevile, na kete ziko mezani.

Hapo Kenga akaacha mzaha. Yeye ni fundi wa mitambo ya barafu kule Liwatoni. Mtu wa kushika vitu, haamini asichokishika. Akaushika mkono wa Stacy, akauweka shavuni pake.

"Hii ni baridi ya barafu yangu," akasema. "Mama Stacy, umeleta nini humu?"

"Mimi sikuleta kitu."

"Chesi hii itatutoa roho." Akakusanya ubao na kete, akaenda nazo kazini, akazitupa baharini nyuma ya gati kwa mkono wake mwenyewe. Jioni aliporudi alizikuta mezani, kila moja mahali pake, zimelowa, zinanuka mwani. Akakaa sakafuni akashika kichwa.

Mtoto akazidi kudhoofika. Shuleni mwalimu alipiga simu kusema analala darasani, na akiamshwa hulalamika kuwa zamu yake haijafika. Chakula aligusa kidogo. Ule mkono wa kulia akaanza kuubeba kwa wa kushoto, kama mzigo wa mtu mwingine.

Mejumaa alimpigia Yazid simu akiwa ngazini, amefunika mdomo ili majirani wasisikie.

"Yazid, kuna mtu anacheza upande wako."

"Upande wangu wa nini, dada?"

"Mchezo wetu. Niliupanga nyumbani. Nikamwita... nilikuita wewe. Saa ya magharibi."

Yazid akauliza kwa sauti ndogo, "Uliweka kiti?"

"Niliweka."

"La haula." Akavuta pumzi. "Kwetu sisi mchezo hausimamishwi ubaoni ikiingia magharibi. Babu alikuwa akizivuruga kete hata kama anashinda. Nami sikuwahi kumuuliza kwa nini. Usiziguse kete tena, dada. Nakuja na shangazi."

Bi Mwanakhamis, huyo shangazi, alifika na Yazid Ijumaa alasiri, anahema, anazitukana ngazi. Mji wa Kale mzima unamjua kwa kazi ya kutoa majini, lakini ungemwona ungedhani amekuja kununua kanga: mfupi, mnene, simu yake inalia kila mara na kila mara anaikata kwa kero. Kenga alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaomba maji baridi, akayamaliza yote ndipo akanusa hewa.

"Huyu hakuingia tu," akasema. "Ameitwa. Nani aliyemwita?"

"Mimi, Bibi," Mejumaa alijibu.

"Kwa ajili ya mtezo?"

"Kwa ajili ya mchezo."

Bi Mwanakhamis akamtazama Yazid, akamtazama Mejumaa, akatikisa kichwa kwa uchovu. "Watu wazima nyinyi. Nisikilizeni basi, sina mengi. Mtu uliyemwita mwenyewe, ukamwekea kiti, mimi siwezi kumfukuza kwa ubani. Ataniuliza kosa lake nini. Yuataka mtezo uishe, ende zake. Na kwa kuwa hana mkono, yuatumia wa mwana. Akikaa zaidi hatautoa tena."

Kenga akamvuta Stacy kifuani. "Tufanye nini, Bibi?"

"Leo akishateza, atatoa mkono. Wao wana adabu kuliko nyinyi. Huyu mama aushike, akubali sare kwa moyo safi. Hapo kila mtu kwao, na mwana wenu mtamkuta salama."

Mejumaa akalamba midomo. Alijua hapaswi kuuliza, na akauliza. "Na nikimshinda?"

Yazid akainamisha kichwa. Aliijua ile sauti. Ni sauti yake mwenyewe.

"Umeniuliza nini, mwanangu?" Bi Mwanakhamis alisema taratibu.

"Nauliza tu, Bibi. Ikiwa nitamshinda."

"Ukimshinda atataka mwengine. Kwani wewe ulipokosa kushinda hukutaka mwengine? Akikushinda yeye, utataka wewe. Mtakaa hapo mpaka huyu mtoto aote mvi. Sare, umenisikia? Sare."

"Nimesikia, Bibi."

"Sema tena."

"Sare."

Wakamlaza Stacy chumbani, wakangoja. Chetezo kikawekwa chini ya meza, ubani ukafuka. Yazid akasimama dirishani na tasbihi yake, Kenga akasimama nyuma ya kiti cha mkewe. Mejumaa alicheza hatua ya farasi, hatua ya bure tu isiyotaka kitu, akaweka mikono mapajani. Moyoni alikuwa na Stacy. Alimkumbuka alivyokuwa akiimba bafuni, alivyomwaga uji wiki iliyopita akapigwa kofi dogo, na akajuta lile kofi. Akamwomba Mungu amrudishie mtoto wake, na aliomba kwa kweli.

Adhana ikaita. Mlango wa chumbani ukafunguka, Stacy akaja na macho yake yaliyofumbwa, akakikwea kiti, na ule moshi wa ubani uliokuwa umetanda juu ya meza ukajigawa kupisha kitu kikubwa kilichokaa pamoja naye. Mkono ukanyooka. Ukakaa juu ya askofu, ukamwacha. Ukakaa juu ya mfalme, ukamshika, ukampeleka mbele mraba mmoja. Ko. Halafu ule mkono mdogo wenye wino wa kalamu kwenye kidole cha shahada ukavuka ubao, ukafunguka, ukangoja.

"Shika," Bi Mwanakhamis alinong'ona.

Mejumaa akainua mkono wake. Ulifika katikati ya ubao, umebakisha upana wa vidole viwili kuugusa ule wa mwanawe, na akausikia ubaridi wake ukimjia kama friji iliyofunguliwa, na angeushika, alikuwa anaushika, ila macho yake yaliteleza chini kidogo kwa mazoea ya miaka, kwa sababu hakuna mcheza chesi anayekubali sare bila kuutazama ubao mara ya mwisho, na akaona. Mfalme mweusi alikuwa amesimama kwenye mshazari. Amesimama mbele ya askofu wake mwenyewe, amemzibia njia, na ule mraba wa mwisho uliolindwa Jumapili nzima na wiki nzima, ule uliomnyima usingizi na safari na jina, ulikuwa hauna mlinzi, mtupu, hatua moja, na askari wake mweupe anangoja.

"Mama Stacy," Kenga alisema nyuma yake. "Shika mkono wa mtoto."

"Ngoja."

"Shika mkono wa mtoto wetu!"

"Ngoja kidogo, Kenga. Ngoja nione."

Hakuna aliyemsukuma. Hakuna jini aliyeushika mkono wake, ingekuwa nafuu kusema hivyo. Aliurudisha mwenyewe, akamshika askari kwa vidole viwili, akamsogeza mpaka mwisho wa ubao, akamwondoa, na mahali pake akaweka malkia.

"Malkia," akasema, na machozi yakamporomoka kwa raha. "Yazid, unaona? Nilikuwa nashinda. Njoo utazame. Nilikuwa nashinda mimi!"

Yazid hakuja kutazama. Alikuwa anamtazama mtoto.

Mkono wa Stacy ulibaki hewani kidogo, umefunguka vilevile, halafu ukashuka. Ukamlaza mfalme mweusi ubavu kwa upole kama ilivyo desturi ya anayekubali kushindwa. Kisha Stacy akafumbua macho. Hayakumtafuta mama yake. Yalipita kwenye ubao mraba kwa mraba, akaugeuza kwa mikono yote miwili ili kete nyeupe zikae upande wake, na akaanza kupanga kete upya, ngome kwenye kona, farasi ubavuni mwake, askofu, bila kukosea hata moja.

Bi Mwanakhamis akamwaga maji kwenye chetezo, akajifunga buibui lake. "Mimi sina la kufanya hapa tena," akamwambia Yazid. "Twende."

Stacy akamsogeza askari wa kwanza. Ko. Akaweka mikono mapajani, akangoja.

Kenga akamwita mtoto kwa jina. Akamwita tena, akapiga magoti, akamtikisa bega, na lile bega lilikuwa baridi kama ule mkono. Halafu akamwita mkewe. Mejumaa alikuwa amekwisha vuta kiti chake mbele, anafikiria aijibu vipi ile hatua.